Kutoa hadtop ya Miata yadi ya skrepa bila kuivunja, na vidude vyote vya kuondoka navyo: mwongozo kamili

Miata ni gari ndogo ya Mazda ya watu wawili, ya wazi juu, na hadtop ni lile paa gumu linalofungwa juu yake na kutolewa. Wengi wanaobahatika kukuta hadtop ya Miata yadi wanatoka na ganda tu. Wanafungua loki, wanainua, wanalipa, wanafika nyumbani ndo wanagundua gari yao haina pini za pembeni za kukamatia, plagi ya kupasha joto kioo cha nyuma haina pa kuchomekwa, na zile bolti mbili za nyuma zinazoishika hadtop zimebaki kwenye gari ya yadi ambayo siku yoyote inaenda kupondwa. Hadtop bila hivyo vidude ni pambo la gereji. Kwa hiyo huu mwongozo nimeuandika kwa ajili ya vitu viwili kwa pamoja, kuitoa kwa mkono bila kupasua kitu, na kuchukua kila kinachoenda nayo, manake cha pili ndo watu wanasahau.

Naongelea Marekani, kwenye zile yadi za kujifungulia mwenyewe kama Pick-n-Pull, Pick Your Part na Pull-A-Part. Kama umezoea Grogan pale Nairobi au Gerezani Dar, kule unamwambia jamaa unataka nini anakuletea mkononi, huku unalipa dola chache getini unaingia na spana zako na hamna mtu wa kukusaidia humo ndani, ukivunja ni hasara yako, ukisahau kitu ni hasara yako.

GARI ZENYEWE NI ZIPI

Mazda walionyesha Miata kwa mara ya kwanza Chicago mwezi wa pili 1989. Kizazi cha kwanza, NA, ndo kile chenye taa zinazofumbua na kufumba, cha pili, NB, taa zake zimetulia mbele kama gari ya kawaida, na kikaenda mpaka 2005. Habari njema ni kwamba hadtop ya kiwandani ya NA inakaa kwenye NB na ya NB inakaa kwenye NA, kwa hiyo tafuta zote mbili. Ya kizazi cha tatu, NC, hiyo haiingiliani na hizi, usibebe ukidhani utalazimisha.

Ukiwa yadi usiamini karatasi waliyobandika kwenye kioo, soma namba ya chasisi. Ikianza na JM1NA ni kizazi cha kwanza, JM1NB ni cha pili, JM1NC achana nayo. Herufi ya kumi ndo mwaka wa modeli: L ni 1990, R ni 1994, X ni 1999, na namba 5 ni 2005. Ukiona mtu anakuambia hii ni Miata ya modeli ya 1998 ya soko la Marekani jua kakosea, mwaka huo huku hamna.

Rangi nayo angalia kabla hujachomoa chochote. Msimbo wa rangi uko kwenye kibandiko cha gari, mfano ile nyekundu ya mwanzo inaitwa Classic Red na msimbo wake ni SU. Rangi ikilingana na yako umeokoa pesa nyingi sana ya kupulizia, ila isipolingana sio sababu ya kuiacha, hadtop nyeusi juu ya gari nyekundu inapendeza kabisa.

KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Yadi nyingi zina mtandao unaoonyesha gari zilizoingia, na Row52 inakusanya za yadi kadhaa, unaweka taarifa ukubali wakutumie ujumbe Miata ikiingia. Hiyo fanya leo hii. Hadtop haikai yadi, watu wanaiwinda, kwa hiyo siku gari imewekwa uwanjani nenda siku hiyohiyo na nenda asubuhi. Sikukuu kama Labor Day yadi nyingi zinashusha bei lakini mimi singesubiri punguzo kwa ajili ya hadtop, punguzo lisubiri kwa milango na viti.

Piga simu uulize bei ya hadtop kabla, uliza pia kama ganda na vifungio vyake vinahesabiwa kitu kimoja au wanachaji kimoja kimoja, na kama kuna kurudisha. Wengine kwenye orodha yao hawana kabisa jina la hadtop, kwa hiyo mtu wa kaunta anakadiria, ni bora ujue mapema kuliko kubishana ukiwa umebeba mzigo.

Vya kubeba: racheti na soketi za 10, 12 na 14, ekstensheni ndefu na fupi, seti ya biti za toksi mpaka zile kubwa, bisibisi za nyota, plaizi, kisu cha plastiki cha kubandulia plastiki za ndani, mkasi wa waya, mafuta ya kulegezea kutu, tochi ya kichwani, glovu, mifuko midogo ya plastiki na kalamu ya kuandikia juu yake, blanketi mbili za zamani na kamba za kufungia mzigo. Viatu vilivyofunika vidole, yadi nyingi bila hivyo hupiti getini. Moto wa gesi na jeki zako mwenyewe waache nyumbani, hawaruhusu.

Kuhusu bisibisi nisisitize kidogo. Skrubu za gari za Kijapani zinaonekana nyota ya kawaida lakini mkato wake ni JIS, yaani wa kipimo cha Kijapani, na ukiweka bisibisi ya kawaida inapanda juu na kula kichwa cha skrubu, hapo umeshaharibu kazi yote kwa skrubu moja. Nunua bisibisi za JIS, hazina bei kubwa, na utazitumia kwenye Toyota na Honda ya jirani pia.

Na nenda na mtu. Hadtop ni kama kilo 20 na ushee tu, uzito sio tatizo, tatizo ni umbo lake, peke yako lazima utaburuza kona moja kwenye bodi au kioo kitakushinda mkononi.

IKAGUE HAPOHAPO ILIPO

Gari za yadi zimesimamishwa juu ya rimu zilizochomelewa. Kabla hujaingia ndani isukume kwa mkono uone kama inacheza, ikicheza waite wenye yadi waiweke sawa, na chini ya gari usiingie hata kama umeona kitu kizuri namna gani.

Hadtop ya kiwandani sio bati, ni plastiki ngumu yenye nyuzi za glasi ndani yake, kwa hiyo haishiki kutu na sumaku haigandi. Sumaku ikiganda kwenye ganda lenyewe jua hiyo ni ya kampuni nyingine, na hiyo vifungio vyake vinaweza kuwa tofauti, ikague mara mbili. Plastiki ya namna hii haibonyei, inapasuka. Pitisha kidole na tochi sehemu zinazobeba nguvu: kuzunguka zile loki mbili za mbele, kona za nyuma, na pale loki za pembeni zilipofungwa. Mistari midogo ya rangi tu sio kesi, ila ukiona ufa umeingia mpaka ndani pale loki ilipofungwa, hiyo ni kazi ya fundi wa faiba na bei lazima ishuke au uiache.

Kioo cha nyuma kikiwa kizima ni nusu ya thamani ya kitu chote. Angalia ile mistari ya kupasha joto kama ipo, baadhi ya hadtop hazina, na kama ipo angalia isiwe imekwanguliwa. Halafu simama kando utazame gari kwa mbali: kama imepigwa pembeni na fremu ya kioo cha mbele imepinda, hadtop itakuwa imekazwa vibaya na ukiifungua inaweza kuruka upande mmoja. Haikatazi kuitoa, ila ujiandae.

KUITOA

Fungua milango yote miwili. Vioo vya Miata havina fremu, vinakaa kwenye raba ya hadtop, mlango ukifunguka kioo kinaondoka nao kwa hiyo huna haja ya kukishusha. Shida ni pale mlango umekunjamana na haufunguki, na betri wameshaitoa. Hapo kama ni kioo cha umeme, bandua plastiki ya mlango ufikie plagi ya mota ya kioo, mota ina waya mbili, ukizipa umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri ndogo ya kubebeka kioo kinakwenda, kikienda juu badala ya chini geuza waya. Kama yadi hawaruhusu betri basi fanyia kazi kutokea upande wa pili na siku ya kuinua mwenzio aangalie kioo hicho tu.

Cha pili chomoa waya wa kioo cha nyuma. Hiki kitu kimeua vioo vya watu wengi, loki zote zimefunguliwa, watu wameinua kwa furaha, waya unavuta na unang'oa kile kipande kilichogandishwa kwenye kioo. Plagi iko nyuma ya viti. Bana kile kiulimi ndo uvute, usivute waya.

Tatu, loki za pembeni, zipo mbili, moja nyuma ya kila mlango chini kwenye kona ya hadtop. Unainua handle yake na ndoano inaachia pini iliyofungwa kwenye bodi. Naanza na hizi kwa makusudi, ukianza na za mbele kwenye gari iliyopinda uzito wote wa mvutano unahamia pembeni na hazitafunguka tena kirahisi.

Nne, loki mbili za mbele juu ya kioo. Zinafanana na za turubai, lile paa la kitambaa la kukunja, unabonyeza kitufe cha usalama halafu unavuta handle chini, ndoano inaachia. Fungua moja, mwenzio akiwa ameweka kiganja juu ya paa upande huo, halafu ya pili.

Nyuma hakuna handle. Kuna sehemu mbili za hadtop zinazokamata vichwa vya bolti mbili nene zilizosimama nyuma ya viti, Wamarekani wanaziita bolti za Frankenstein. Mmoja asimame upande wa dereva mwingine upande wa abiria, mkono mmoja karibu na loki ya mbele na mwingine kona ya nyuma. Inueni mbele kidogo tu, halafu ichezesheni taratibu huku na huku mpaka msikie nyuma imeachia. Msiinue mbele juu sana wakati nyuma bado imeshika, hapo ndo kona za nyuma zinapasuka. Ikishaachia inueni wima, sawasawa, mpitishe juu ya viti kuelekea nyuma ya gari, na muiweke juu ya blanketi. Kamwe usiilaze kwenye kokoto za yadi.

LOKI IKIKATAA

Na itakataa, gari imekaa mvuani miaka. Usichukue nyundo. Kwanza puliza mafuta ya kutu, endelea na kazi nyingine, rudi baadaye. Halafu mwenzio akandamize paa kwa uzito wa mwili wake moja kwa moja juu ya loki ile, ndoano ikipata nafasi ya milimita chache handle inafunguka yenyewe, loki nyingi zinazoonekana zimekufa tatizo lake ni mvutano tu. Ikiwa bado, usipambane na loki, fungua kile inachokamatia. Pini ya pembeni imefungwa kwenye bodi kwa bolti, ukiifungua loki inatoka na pini yake mdomoni, mtazitenganisha nyumbani kwa utulivu, na ile pini ulikuwa unaihitaji vilevile. Kwa loki ya mbele fungua skrubu zinazoishika kwenye hadtop yenyewe, au fungua kile kibamba cha kukamatia kwenye fremu ya kioo. Kukata kwa msumeno kuwe kwa mwisho kabisa na ukate cha kwenye gari, kamwe sio cha kwenye hadtop.

SASA VIDUDE, NA HAPA USIWE NA HARAKA

Hadtop ikiwa chini watu wanakimbilia kaunta. Wewe rudi kwenye gari.

Pini za pembeni na mabamba yake, zote mbili, na bolti zake zote. Gari nyingi zilizouzwa bila hadtop hazina hizi na ndo kitu cha kwanza utakachokosa. Bolti zake zinakuwa zimekaza, safisha kwanza uchafu ndani ya kichwa kwa msumari, gonga biti iingie mpaka mwisho, ndo uzungushe, biti ikikaa nusu inakula kichwa. Bolti za nyuma za Frankenstein na chochote kilicho chini yake, vile visahani vya bolti (washa) na nati usiache hata moja. Vile vibamba vya mbele kwenye fremu ya kioo gari yako tayari inavyo kwa sababu turubai inavitumia, lakini chukua kama vya yadi ni vizima kuliko vyako.

Waya wa kioo upande wa gari: usikate karibu na plagi, fuata waya urudi nyuma kadiri unavyoweza ukate mbali, waya mrefu unakupa nafasi ya kuunga vizuri. Kama gari yako haikuwa na mfumo wa kupasha joto kioo kabisa, chukua na swichi ya dashibodi pamoja na relei yake, na piga picha rangi za waya kabla hujachomoa.

Raba zote zinazozunguka hadtop, hata zilizochoka. Mpya zina bei, na raba kuukuu inakuonyesha ilivyokaa, kona zake zilivyopinda. Zitoe kwa vidole polepole kutoka kwenye reli yake, sio kwa kuvuta ncha moja. Kama zimekaa vizuri kwenye hadtop ziache hapohapo.

Halafu vitu vya gari yenyewe kama una nafasi: loki za turubai, mota za vioo ambazo kwenye Miata zinachoka na kuwa nzito, na vitasa vya milango. Kila kitu kwenye mfuko wake, andika juu yake kushoto au kulia. Kushoto na kulia vinafanana sana ukiwa yadi na vinakuwa tofauti kabisa ukiwa nyumbani usiku.

KAMA HADTOP NI YA KUJIKUNJA YENYEWE

Miata NC ya hadtop ya kujikunja ilitoka 2006, inajikunja kwa mota za umeme kama sekunde 12, na ina loki ya mkono katikati juu ya kioo. Mercedes-Benz SLK ya 1996 inatumia pampu ya mafuta ya haidroliki na silinda. Hizi kanuni yake ni nyingine. Ukikwama barabarani na ya mafuta, nyingi zina valvu ya kuachia presha kwenye pampu, mahali pake na idadi ya mizunguko iko kwenye kitabu cha gari hiyo, fuata hicho na sio video ya gari inayofanana nayo. Mpaka presha iachiwe paa halisogei kwa mkono na ukilazimisha unapinda mikono yake. Na kwenye yadi, paa lililosimama nusu usiweke kichwa wala mkono chini yake, liegemeze kwa mbao kwanza, silinda iliyovuja inaweza kuliachia ghafla. Kwenye gari hizi chukua pampu, silinda, na vile visensa vidogo vya kwenye loki, mara nyingi paa zima linagoma kwa sababu ya kisensa kimoja.

KUIFIKISHA NYUMBANI

Usafiri mzuri kabisa wa hadtop ni juu ya Miata nyingine. Kama umekuja na yako, na bolti za nyuma na pini za pembeni umezifunga hapohapo maegeshoni, unaivisha na kuondoka. Lakini kwa loki za mbele peke yake usiende, upepo wa barabara kuu unainua kitu hicho na kilicho nyuma yako ni gari ya mtu. Ukibeba kwa pikapu ilaze juu ya blanketi nene uso juu, funga kamba kupita juu ya blanketi nyingine, isigusane na bati. Risiti ya yadi itunze, siku ukiuza hadtop mnunuzi ataiuliza na ana haki.

KUIVISHA

Osha yote kwa maji na sabuni laini, kausha, raba zipake grisi ya silikoni, usipake mafuta ya petroli wala ya injini yanazilainisha mpaka zinavimba. Turubai likunje chini vizuri, linaweza kubaki humohumo chini ya hadtop.

Kwa pini za pembeni, vua plastiki na kapeti uangalie kama matundu yenye uzi yapo tayari kabla hata hujafikiria drili. Funga kwa mkono tu kwanza, usikaze. Shusha vioo. Wekeni nyuma ianze, ikamate zile bolti, halafu mshushe mbele. Funga loki za mbele bila nguvu, halafu za pembeni, ndo sasa usogeze pini mpaka loki ifunge kwa mkono mmoja bila kugugumia, uifungue tena bila kuihamisha pini, na ukaze. Ikifunga kwa shida ukasema itazoea, haitazoea, itapasua.

Pandisha vioo taratibu na angalia kinapokutana na raba kwa juu. Mwagia maji ya bomba bila presha, mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Maji yakiingia kona ya mbele mara nyingi ni raba haijakaa kwenye reli yake, yakiingia nyuma angalia bolti za nyuma kama zimesimama sawa. Baada ya kuendesha siku chache kagua tena bolti zote, zinajilegeza kidogo mwanzoni, kaza na umemaliza.

Msimu wa joto ukiitoa kuihifadhi, isimamishe juu ya povu au matairi mawili yaliyofunikwa blanketi, isiegemee kioo wala loki, ifunike kwa shuka la kupumua sio nailoni, na zile pini na bolti ziache kwenye gari palepale zilipo.